Muhuri wa Fedha na Afya ya Ngozi: Yasemwayo na Namba 925, na Yasiyosemwa

Wakazi wa Nyahanga, katika Manispaa ya Kahama, hawahitaji kufundishwa thamani ya kipimo. Tangu masoko ya madini yalipoanza kufunguliwa mwaka 2019, la kwanza likiwa la Geita, dhahabu ya mchimbaji mdogo hupimwa uzito na usafi kabla ya bei kutajwa. Fedha, ambayo katika miamba ya Bulyanhulu hupatikana pamoja na dhahabu na shaba, haipewi uangalifu huo inapofika dukani ikiwa hereni au mkufu. Mnunuzi hutazama mng'ao tu, na pengine siku chache baadaye masikio yake huanza kuwasha na kutoa majimaji.

Maana ya namba

Fedha safi ni laini mno. Pete yake hupinda upesi. Kwa sababu hiyo mafundi huichanganya na metali nyingine, aghalabu shaba. Usafi wake hauhesabiwi kwa karati kama wa dhahabu, bali kwa sehemu za elfu. Chapa 999 ni fedha karibu tupu. Chapa 925 ina maana kwamba katika kila sehemu 1,000, sehemu 925 ni fedha na 75 ni metali nyingine. Chapa 800 ina sehemu 200 zisizo fedha.

Ni muhimu kutenganisha chapa ya muuzaji na muhuri wa mpimaji. Nchini Uingereza, kiwango cha 925 kiliwekwa kisheria tangu mwaka 1300, na vyombo vya fedha hupimwa na ofisi isiyomilikiwa na mtengenezaji: kichwa cha chui huonyesha kwamba kipimo kilifanyika London, nanga huonyesha Birmingham. Namba 925 iliyogongwa peke yake ni kauli ya aliyeitengeneza, na kauli hiyo yaweza kuwa ya kweli au ya uongo. Herufi EPNS zina maana kwamba fedha ni utando mwembamba juu ya mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli. Kinachoitwa "German silver" au "alpaca" hakina fedha hata chembe, licha ya jina.

Mapambo ya urithi nayo yana hesabu yake, kwa kuwa masonara wa Afrika Mashariki waliyeyusha sarafu. Riale ya Maria Theresa, yenye tarehe ya 1780, ina usafi wa takriban 833. Rupia ya Kijerumani takriban 917. Shilingi ya Afrika Mashariki iliyoanza mwaka 1921 ilikuwa na 250 tu, na zile za kuanzia mwaka 1948 zilikuwa za shaba na nikeli, bila fedha.

Ngozi inapokataa

Nikeli ndiyo metali inayoongoza kwa kusababisha mzio wa ngozi. Jasho huiyeyusha kidogo kidogo, nayo hupenya ngozini. Kinga ya mwili ikishaizoea kama adui, kumbukumbu hiyo kwa kawaida hudumu maisha yote. Kila mguso mpya huleta mwasho baada ya siku moja hadi tatu, na kuchelewa huko humfanya mgonjwa asiihusishe hereni na upele.

Mhudumu wa afya akumbuke kwamba katika ngozi nyeusi wekundu hauonekani wazi. Atafute weusi uliozidi, ngozi iliyokuwa nene, vipele vyenye maji na alama za kujikuna kwenye ndewe, shingo, kifundo cha mkono, au chini ya kitovu panapogusa kifungo cha suruali. Hali hii hudhaniwa kuwa fangasi, na dawa ya fangasi haiiponyi.

Alama nyeusi au ya kijani isiyowasha, inayotoka kwa sabuni, ni jambo jingine. Weusi hutokana na fedha kukutana na salfa, na ukijani hutokana na shaba. Huo si mzio.

Tiba huanza kwa kuvua pambo. Mhudumu anaweza kuandika krimu ya haidrokotisoni kwa siku chache. Usaha au homa huhitaji uchunguzi zaidi. Mwasho unaorudi upelekwe kwa daktari wa ngozi, ambaye anaweza kufanya kipimo cha kubandika mgongoni kwa saa 48.

Pete na zebaki

Katika ukanda wa machimbo kuna hatari ya pekee. Zebaki hushikamana na fedha kama inavyoshikamana na dhahabu. Pete iliyovaliwa wakati wa kukamatisha dhahabu yaweza kuibeba hadi nyumbani, na sonara akiichoma, mvuke wenye sumu hutoka. Vua mapambo yote kabla ya kazi hiyo. Pete iliyokwisha kuguswa na zebaki usiipashe moto, na mweleze sonara kabla hajaigusa.

Kabla ya kulipa

Tafuta chapa ndani ya pete au kwenye kifungo cha mkufu, kisha uombe risiti inayotaja usafi. Pitisha sumaku: pambo likivutwa, si fedha tupu, lisipovutwa, bado halijathibitika, kwa kuwa shaba nayo haivutwi. Usijaribu tindikali nyumbani, maana huunguza ngozi na macho.

Mwenye mzio aulize swali moja zaidi: zile sehemu 75 ni metali gani, na kijiti kinachopita sikioni kimetengenezwa kwa nini? Namba 925 haijibu hilo, na kijiti huweza kuwa cha metali tofauti na hereni yenyewe. Umoja wa Ulaya, uliodhibiti nikeli katika mapambo tangu mwaka 1994, umeweka kikomo kikali zaidi kwa vitu vinavyopita kwenye tundu la ngozi. Muuzaji asipoweza kujibu, mwenye mzio asilivae pambo hilo.