Gunia halifunguki bure: tuijue mashini ya kushona magunia



Katika toleo hili tunazungumza juu ya kazi ya mwisho kabisa kabla mahindi hayajaacha depo: kufunga mdomo wa gunia. Wengi wanaidharau. Tunalima, tunapalilia, tunavuna, tunakausha, tunapukuchua, tunapima kilo, halafu mwishoni tunamwambia kijana yeyote, "Shona pale, tuende." Yaliyotokea kwa kooperative moja ya upande wa Kamina yametufundisha kwamba kazi hiyo inaweza kula faida ya miezi yote.

Kooperative hiyo ilinunua mashini ya umeme ya kushona magunia, ile ndogo ya kushika mkononi. Kabla ya hapo vijana sita walishona kwa mkono, kwa sindano kubwa na kamba, wakilipwa kwa hesabu ya gunia. Siku mashini ilipofika, mmoja wao alisimama mbele ya Papa prezida akasema, "Papa, ile mashini inakuya kututosha ku kazi. Watoto watakula nini?" Hakupata jibu. Mashini ilipewa mtu mwingine ambaye hajawahi kushona gunia, kwa sababu eti kazi ni kubonyeza swichi tu.

Magunia yalipakiwa kwenye treni. Kamina, kama mnavyojua, ni njia panda ya reli: huku Bukama, Likasi na Lubumbashi, huku Mwene-Ditu na Kasai, huku Kabongo na Kabalo. Gunia linalotoka kwetu linapakiwa, linashushwa, linaburutwa, linakaliwa na watu. Mzigo ulipofika, magunia mengi yalikuwa wazi mdomoni. Mnunuzi alilipa kilo alizoziona, si kilo zilizoandikwa. Tufanye hesabu ya mfano: kama kila gunia linapoteza kilo 2 na magunia ni 100, ni kilo 200. Hayo ni magunia 4 ya kilo 50 yaliyokwenda bila franga hata moja.

Kooperative ikagawanyika. Wengine walisema mashini ni mbovu, irudishwe dukani. Wale vijana sita walisema, "Tuliwaambia." Tulipoitwa, tuliomba jambo moja: mashini iwekwe juu ya meza, na vijana wa zamani waitwe pia.

KOSA LILIKUWA WAPI?

Aliyeliona kosa wa kwanza alikuwa mmoja wa wale wa sindano ya mkono. Alishika gunia lililoshonwa, akavuta ncha ya uzi upande mmoja. Mshono wote ukafunguka mpaka mwisho. Akasema, "Uzi wa mkono uko na fundo. Huu hauna fundo."

Alisema kweli. Mashini nyingi za kushona magunia zinatumia uzi mmoja tu. Sindano inashuka na uzi, kulabu iliyo ndani ya mashini inaudaka na kufanya kitanzi, kitanzi kinachofuata kinapita ndani ya kile cha kwanza, na hivyo mpaka mwisho. Ni kama mnyororo. Kila kitanzi kinashikwa na kile kinachokifuata. Lakini kitanzi cha mwisho kabisa kinashikwa na nani? Hakishikwi na mtu, isipokuwa ule mkia wa uzi unaobaki nje ya gunia. Ukiukata mkia huo karibu na gunia, umeacha mlango bila kadenasi. Yule mwenzetu alikuwa akiukata kila mara ili gunia lionekane safi.

Mshono huu umetengenezwa hivyo makusudi, ili mnunuzi aweze kufungua gunia kwa kuvuta uzi mara moja bila kulipasua. Ni uzuri wake, na ni hatari yake.

KUIWEKA TAYARI

1. Soma kibati cha moteri. Kama kimeandikwa volti 220, usiichomeke kwenye kitu kingine. Ukitumia grupu la umeme, liwashe kwanza, liache lizunguke vizuri mpaka sauti itulie, ndipo uchomeke mashini. Ukitumia umeme wa jua, kumbuka kwamba moteri inapoanza kuzunguka inavuta nguvu zaidi kuliko ile iliyoandikwa. Kibadilisha umeme kiwe na nguvu ya kuzidi.

2. Waya wa kurefusha usiwe mwembamba wala usiwe na viungo vilivyo wazi. Waya mwembamba unapata joto na kunyima moteri nguvu.

3. Ining'inize mashini kwa kamba au springi kwenye boriti, ikae kwenye kimo cha mdomo wa gunia lililosimama. Mkono uiongoze tu, usibebe uzito wake siku nzima.

4. Tafuta mahali mbali na vumbi la kupukuchulia. Wakati wa kiangazi vumbi letu linaingia kila tundu.

KUPITISHA UZI

Kabla ya kugusa sindano au uzi, chomoa waya kwenye umeme. Kuzima swichi peke yake hakutoshi. Swichi iko chini ya kidole, na kidole kinasahau.

1. Weka koni ya uzi mahali pake, isimame wima. Uzi utoke juu bila kukwama. Tumia uzi wa poliesta uliosokotwa vizuri. Uzi wa pamba unanyonya unyevu na kuoza upesi.

2. Pitisha uzi kwenye tundu au kikongoro cha kwanza, kisha katikati ya visahani viwili vya kukaza uzi. Hakikisha umeingia katikati kabisa, usilale juu yake. Kosa hili hufanywa mara nyingi.

3. Fuata vitundu vingine kimoja kimoja mpaka kwenye sindano. Usiruke hata kimoja. Njia inatofautiana kidogo kwa kila aina ya mashini, kwa hiyo siku mashini ikiwa mpya, chora njia ya uzi kwenye karatasi na ibandikwe ukutani.

4. Zungusha gurudumu kwa mkono mpaka sindano ifike juu. Tazama sindano: upande mmoja una mfereji mrefu, upande wa pili umechongwa kidogo karibu na tundu. Uzi unaingia kutoka upande wa mfereji mrefu. Upande uliochongwa unaelekea kwenye kulabu. Sindano ikigeuzwa, kulabu haitadaka uzi.

5. Acha mkia wa uzi wa urefu wa kidole. Zungusha tena gurudumu kwa mkono mara kadhaa, ukiwa umeweka kipande cha gunia la zamani chini ya mguu wa mashini. Ukiona mnyororo unatokea sawasawa, chomeka umeme ujaribu.

KUSHONA

Usijaze gunia mpaka mdomoni. Acha nafasi ya kukunja. Kunja mdomo mara moja, ulainishe, kisha shona chini ya ukingo kiasi cha vidole viwili au vitatu. Anza kuzungusha mashini kabla gunia halijaingia, na uendelee kidogo baada ya gunia kutoka, ili mnyororo wa uzi ubaki kila upande. Katika ncha ya kumalizia, acha mkia wa urefu wa kidole kizima, uufunge fundo. Fundo hilo ndilo kadenasi yetu.

Usivute gunia. Meno ya mashini yanalisogeza yenyewe. Ukivuta, sindano inapinda, inagonga bamba na kuvunjika.

Tahadhari kwa wanaotumia mifuko ya PICS, ile yenye nailoni mbili ndani: nailoni hizo hazishonwi kamwe. Kazi yake ni kuzuia hewa ili wadudu wafe. Tundu moja la sindano linaharibu kila kitu. Zisokote na kuzifunga kwa kamba moja baada ya nyingine, kisha funga mfuko wa nje kwa kamba vilevile.

Tena, mshono mzuri hauponyi mahindi mabichi. Yasipokauka, ukiyafunga umefungia ukungu ndani.

KUICHUNGA

Kila asubuhi: tia matone machache ya mafuta meupe ya mashini ya kushona kwenye matundu yake, au bonyeza pampu ya mafuta kama iko nayo. Tulipofungua mashini ya wenzetu tulikuta mafuta ya mawese yameganda ndani kama gundi. Mawese ni ya sombe, si ya mashini. Mafuta ya kupikia yote yanaganda. Mafuta mazito ya moteri ya gari nayo hayafai.

Baada ya kutia mafuta, shona kwanza kipande cha gunia la zamani, ili mafuta yanayozidi yasichafue gunia la kuuza.

Kila jioni: chomoa umeme, toa vumbi na nyuzi kwa burashi ndogo, hasa chini ya bamba la sindano, kwenye meno na kwenye visahani vya uzi. Ifunike kwa kitambaa. Usiiweke chini sakafuni.

Wakati wa kazi: gusa moteri kila mara. Ikiwa moto sana, ipumzishe. Mashini ya mkononi haikutengenezwa kukimbia kutwa bila kusimama.

Kila mwezi: kaza visi zote kwa turnevisi, tazama mkanda kama haujachanika, na angalia makaa ya moteri. Ukiona cheche nyingi na nguvu kupungua, huenda makaa yamekwisha. Yanabadilishwa mawili pamoja.

IKIGOMA

• Inaruka mishono: tazama sindano kwanza. Imepinda? Imegeuzwa? Haijaingia mpaka juu? Weka mpya ya aina ileile. Sindano ya mashini ya nguo haifai hapa.

• Uzi unakatika: legeza kidogo kikazio, safisha njia ya uzi, angalia kama tundu la sindano lina ukali.

• Mshono umelegea: kuna vumbi katikati ya visahani, au uzi haukupita katikati yake. Safisha, kisha kaza kidogo kidogo, ukijaribu kila mara.

• Gunia halisogei: meno yamejaa uchafu, au gunia limekunjwa nene mno.

• Umebadilisha sindano na bado inaruka: nafasi kati ya kulabu na sindano imeharibika. Kulabu inapaswa kupita karibu kabisa na sindano. Usiipige nyundo. Mwite fundi.

NA WALE VIJANA SITA?

Hofu yao si mpya duniani. Huko Ufaransa mwaka 1830, fundi wa nguo Barthélemy Thimonnier alipata hati ya mashini iliyoshona mnyororo wa uzi mmoja, ndugu wa mshono wetu huu. Alifungua karakana Paris yenye mashini 80 za kushona nguo za askari. Mwaka 1831 mafundi wa mkono waliingia na kuzivunja, wakiogopa kukosa chakula. Hawakuwa wajinga. Hakuna aliyekaa nao chini kuwaeleza watakula nini.

Kooperative ya wenzetu ilikaa chini, ingawa ilichelewa. Kikao kilichukua mchana mzima, na maneno makali yalisemwa. Mwishowe walikubaliana hivi: mashini itaendeshwa na vijana wawili miongoni mwa wale sita, wakipokezana, na malipo yabaki kwa hesabu ya gunia. Bei ya gunia moja ilipungua, lakini magunia ya siku yaliongezeka. Wawili wengine walipewa kupima kilo na kuziba magunia yaliyotoboka, kazi ambayo bado inataka sindano ya mkono. Wawili wa mwisho hawakukubali, wakaenda kutafuta kazi kwingine. Hatutaficha hilo. Mashini inaleta faida, na inaondoa watu mahali pao. Kooperative inayonunua mashini iseme mambo hayo mapema, si baada ya mzigo kumwagika.

Walikubaliana tena juu ya daftari: tarehe, nani ameishika mashini, magunia mangapi, mafuta yametiwa au la, sindano zilizovunjika. Ufunguo wa sanduku unakaa kwa Mama mtunza depo, si nyumbani kwa mtu. Na kwa kila gunia franga kidogo inawekwa pembeni kwa ajili ya uzi, sindano na fundi.

Yule kijana aliyevuta ncha ya uzi ndiye sasa anayefundisha wengine. Mzigo uliofuata tuliutazama pamoja naye kabla haujapakiwa. Alipita gunia kwa gunia, akishika kila mkia na kuuvuta kwa nguvu. Lililofunguka alilirudisha mezani. Yalikuwa matatu.

Kwa kila kooperative yenye mashini kama hii, tunaomba mfanye jambo hilo moja kabla ya msimu: vuteni mikia. Ni afadhali gunia lifunguke mkononi mwenu, ndani ya depo, kuliko lifunguke njiani.