Jenereta ya bei poa huweza kuua friza

Mgawo wa umeme ulioikumba Tanzania mwaka 2006, na tena 2011, uliwafanya wenye maduka, bucha na baa wengi kukimbilia jenereta ndogo. Tatizo ni kwamba baadhi yao hununua kwa kuangalia bei, kisha faida yote huishia kwa fundi wa friji.

Kosa huanzia kwenye hesabu. Friza inayokula wati 200 ikiwa inafanya kazi huweza kudai wati 1,000 au zaidi kwa muda mfupi wa kuwaka, kwani mota inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa ya kawaida yake. Jenereta ya wati 650 humudu taa, feni na televisheni. Ikifungiwa friza hiyo, volti hushuka, kompresa hunguruma bila kuzunguka, hupata moto na hatimaye huungua.

Tuseme duka lina friza ya wati 200, friji ya wati 150 na taa za wati 100. Kwa kujumlisha tu, ni wati 450. Lakini mota zikihesabiwa mara sita, friza ni 1,200 na friji 900; pamoja na taa ni wati 2,200. Hapo jenereta ya wati 2,500 ndiyo yenye usalama.

Mnunuzi aulize wati za kazi ya mfululizo, si zile za juu kabisa zinazoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Akitajiwa kVA, kwa kawaida azidishe kwa 0.8: kVA 3 ni wati 2,400 hivi.

Katika kuwasha, jenereta iachwe itulie kwanza, ndipo iwashwe mota kubwa, kisha ndogo, taa mwisho. Friza iliyozimika isubiri dakika tano. Waya mwembamba na mrefu nao hushusha volti.

Jenereta isichomekwe kamwe kwenye soketi ya ukutani. Umeme hurudi kwenye nguzo na kuweza kumuua fundi wa laini. Fundi mwenye leseni afunge swichi ya kubadilishia. Mashine ikae nje, mbali na madirisha, kwa kuwa moshi wake una gesi yenye sumu isiyo na harufu.

Kabla ya kwenda kununua, mfanyabiashara asome kwanza kibao kilichoko nyuma ya friza yake.