Umeme Badala ya Dizeli: Mambo ya Kupima Kabla Chama Hakijanunua Chombo

Katika hesabu za mwaka za chama cha msingi cha mlimani Meru, fungu la mafuta ya gari ndilo gumu kukadiria. Mishahara hujulikana na ushuru wa chama hupangwa na mkutano mkuu, lakini bei ya dizeli hubadilika kila mwezi, EWURA inapotangaza bei kikomo siku ya Jumatano ya kwanza. Tanzania huagiza kutoka nje dizeli na petroli yote inayochomwa na magari yake. Wanachama wazee hawajasahau mwaka 1973 na 1974, pipa la mafuta ghafi lilipopanda kutoka dola 3 hivi hadi karibu dola 12. Bei iliyoamuliwa mbali sana na Tengeru ilikatwa katika malipo ya mkulima wa Tengeru.

Kwa sababu hiyo, habari za magari yasiyotumia mafuta si jambo la watu wa mjini peke yao. Nishati mbili hutajwa. Ya kwanza ni gesi asilia, ambayo imepunguza gharama za madereva wengi wa Dar es Salaam. Lakini bomba kubwa la kutoka Mtwara, lililokamilika mwaka 2015, huishia huko huko Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 600 kutoka Arusha. Chama cha Nkoaranga au Akheri hakina sababu ya kuitegemea leo.

Ya pili ni umeme, na hapa Arusha si wageni. Mafundi wa mjini wamekwisha kubadili baadhi ya magari ya watalii: injini ya dizeli hutolewa, mota na betri huwekwa mahali pake. Faida yake yaeleweka kwa hesabu. Injini ya dizeli hugeuza kama theluthi moja tu ya nguvu ya mafuta kuwa mwendo, na iliyobaki hupotea kama joto. Mota ya umeme hupoteza sehemu ndogo tu. Kila lita ya dizeli inayochomwa hutoa kilo 2.7 hivi za hewa ya ukaa. Umeme wa gridi ya Taifa nao hutoka kwa sehemu katika gesi, hivyo si safi kabisa. Hata hivyo sehemu ya maji imeongezeka sana tangu mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, ulipowashwa Februari 2024.

Lakini hoja yenye uzito kwa vyama vya Meru ni mteremko wenyewe. Mazao hushuka. Ndizi na kahawa hutoka juu zikiwa mzigo kamili, kisha chombo hupanda kikiwa kitupu au na mzigo mdogo. Gari la dizeli likishuka huchosha breki bila kurudisha hata tone la mafuta. Gari la umeme likishuka, mota yake hugeuka kuwa jenereta na kurudisha umeme katika betri. Tani 1 ikishuka kimo cha mita 500 hubeba nguvu ya karibu uniti 1.4 za umeme. Gari lenye uzito wa tani 5 pamoja na mzigo huwa na uniti karibu 7, na sehemu nzuri ya hizo huweza kuokolewa kwa ajili ya safari ya kurudi.

Kuna sharti moja ambalo wauzaji hawalitaji mara nyingi. Betri iliyojaa haiwezi kupokea. Chama chenye ghala lake juu kikichaji chombo usiku kucha hadi kijae, mteremko wa asubuhi hautarudisha kitu, na breki zitafanya kazi yote. Yafaa kuacha nafasi katika betri, au kuchaji chini barabarani.

Hesabu hizi zisimfanye mtu akimbilie lori. Betri ndiyo sehemu ya ghali kupita zote, na chama kikinunua kwa mkopo, betri ikachoka kabla deni halijaisha, watakaolipa ni wanachama kwa makato ya kahawa. Msimu wa mbolea na saruji, mzigo hupanda, na faida ya mteremko hupungua. Masika nayo huziharibu njia za udongo pasipo kujali chombo kinatumia nini.

Busara ni kuanza na pikipiki. Pikipiki ya petroli yenye mzigo hutumia lita 2 na nusu hivi kwa kilometa 100. Ya umeme hutumia kama uniti 4. Katibu na atie bei ya mwezi huu ya petroli na bei ya uniti ya LUKU, aone tofauti mwenyewe. Kisha muuzaji aulizwe kwa maandishi: dhamana ya betri ni ya miaka mingapi, fundi yuko Arusha au Dar es Salaam, na betri mpya itauzwa kwa bei gani.

Kabla ya hayo yote, katibu afungue daftari kwa mwezi mzima wa msimu, aandike kila safari: kilometa, lita, kilo zilizoshuka na kilo zilizopanda. Daftari hilo ndilo lisomwe mbele ya mkutano mkuu, kabla ombi lolote la mkopo halijapigiwa kura.