Ziwa Linapogeuka Kijani: Kazi ya RNA na Mipaka Yake

Musoma na Bunda zimepakana na Ziwa Victoria. Butiama nayo hupelekewa maji ya ziwa hilohilo kwa mradi wa Mugango–Kiabakari–Butiama. Kwa hiyo swali hili ni la wote: je, maji yaliyogeuka kijani yana sumu?

Utando wa kijani mara nyingi ni sianobakteria. Baadhi yao, kama Microcystis, hutengeneza mikrosistini, sumu inayodhuru ini. Hadubini haiwezi kuwatenga wenye sumu na wasio nayo. Uchunguzi wa DNA huonyesha kama jeni za sumu zipo. Uchunguzi wa RNA huonyesha kama jeni hizo zilikuwa zikitumika sampuli ilipochukuliwa.

RNA ya bakteria huharibika ndani ya dakika chache, hivyo sampuli huhifadhiwa papo hapo. Maabara huondoa RNA ya ribosomu, ambayo ndiyo sehemu kubwa, kisha husoma mamilioni ya vipande vinavyobaki. Kompyuta huchuja vipande vibovu, hulinganisha vilivyo vizuri na jeni zinazojulikana, na kuvihesabu. Hesabu hizo husawazishwa, kwani sampuli iliyosomwa vipande vingi zaidi huonekana kuwa na shughuli nyingi hata kama sivyo. DNA nayo husomwa sambamba, ili wingi wa bakteria usidhaniwe kuwa bidii ya jeni.

Hata hivyo, RNA si sumu yenyewe. Kiasi cha sumu lazima kipimwe majini. Shirika la Afya Duniani limependekeza kiwango kisichozidi mikrogramu 1 ya mikrosistini-LR kwa kila lita ya maji yanayonywewa maisha yote. Huko Caruaru, Brazil, mwaka 1996, zaidi ya wagonjwa 50 wa figo walifariki baada ya damu yao kusafishwa kwa mashine zilizotumia maji yenye sumu hii.

Ndugu msomaji, kuchemsha maji huua vimelea vya kipindupindu, lakini hakuondoi mikrosistini. Seli zikipasuka, sumu iliyomo hutoka. Usichote maji penye utando wa kijani, wala usiwaache watoto au mifugo hapo. Nawe mhudumu wa afya, unapompokea mgonjwa anayetapika au mwenye macho ya manjano, muulize pia anachota wapi maji, na umjulishe afisa afya ukishuku ziwa.