Chipukizi Uwanjani: Neno na Hukumu Yake
Makala haya mafupi yanadai kuwa neno chipukizi humfunza subira mtazamaji wa kandanda ya vijana, Kaloleni na kwingineko. Neno hili hutokana na kitenzi chipuka. Humaanisha mche mchanga na, kwa istiari, kijana. Katika mechi ya walio chini ya miaka 15, aliyezaliwa Januari humzidi wa Desemba ya mwaka uo huo kwa miezi 11. Kimo na nguvu zake hudhaniwa kuwa kipaji. Mdogo huachwa, naye aghalabu harudi. Mkulima wa Kaloleni ajua: minazi mifupi huzaa mapema, mirefu hukawia miaka 6 hivi, wala haing'olewi kwa kukawia. Basi ateuaye wachezaji na apime maamuzi yao na wepesi wa kujifunza, si mabao ya siku moja.