Kwa nini amplifaya hutoa "shhh" hata maiki ikinyamaza

Msikilizaji, washa amplifaya ya mkutano wa kijiji, usiseme neno, kisha ongeza sauti. Ukisikia mvumo mzito wa "mmm", huo kwa kawaida unatoka kwenye umeme wa ukutani, angalia nyaya. Leo tunaitafuta ile "shhh", kama mvua ya mbali juu ya mabati, inayowafanya watu wa nyuma wasimwelewe mzee anayezungumza taratibu.

Umeme nao huja kwa matone. Mkondo ni elektroni zinazopita moja moja bila kupangana, jambo ambalo Mjerumani Walter Schottky alilieleza mwaka 1918. Ndiyo maana kila transista ina kelele yake, na hakuna fundi wa kuimaliza kabisa. Cha kuangalia ni inapoingilia. Maiki hutoa sehemu chache tu za elfu moja ya volti. Kelele ikiingia hapo mwanzoni, hatua zote zinazofuata huikuza pamoja na sauti ya mzee.

Kuna chipu ndogo ya miguu mitatu, LM334, ambayo kazi yake ni kutoa mkondo uleule hata volti zikipanda au kushuka. Ni rahisi kuifunga, ndiyo maana inapendwa. Lakini karatasi ya maelezo ya watengenezaji wenyewe inasema kelele ya mkondo wake ni takriban mara 4 ya ile ya transista. Chipu hii hujipimia kwa volti ndogo mno, kama 0.064, kwa hiyo mtikisiko kidogo tu ndani yake unakuwa mkubwa.

Fundi anayejali sauti hufunga transista moja, taa nyekundu ya LED na rezista mbili. Hapo kipimo kinazidi volti 1, na mtikisiko uleule unamezwa. Kazi inaongezeka kidogo, lakini vifaa hivyo ni vya bei ndogo. LM334 ibaki kwenye kupima joto, kazi inayoiweza vizuri.

Kabla hujanunua maiki mpya, shusha kitufe cha sauti ya maiki hadi mwisho. "Shhh" ikibaki vilevile, inatoka mbele ya kitufe hicho, na maiki mpya haitasaidia. Ikipotea, chunguza maiki na hatua ya kwanza. Wakati fundi anasubiriwa, mzee asogee: akipunguza umbali wa kinywa na maiki kwa nusu, sauti inayoingia huwa karibu mara mbili, na "shhh" haiongezeki.