Kwa nini kimbunga kichanga hupata nguvu usiku

Stockholm

Kimbunga cha baharini hupata nguvu zake kutoka maji yenye joto, na maji hayo hayapoi mara jua linapotua. Hata hivyo, msikilizaji, wataalamu wa hali ya hewa wanaeleza kuwa saa za usiku ndizo zinazokilea kimbunga kichanga.

Sababu ni mionzi ya joto, somo lenye historia ndefu mjini Stockholm. Hapa ndipo Svante Arrhenius, mwaka 1896, alipokokotoa jinsi mvuke na hewa ya ukaa vinavyozuia joto la dunia lisitoroke. Miongoni mwa vipimo alivyovitegemea ni vya joto litokalo mwezini, vilivyochukuliwa na Mmarekani Samuel Langley. Naye Carl-Gustaf Rossby alianzisha hapa taasisi ya elimu ya hali ya hewa mwaka 1947. Hapa ambapo mwezi Juni usiku wenyewe ni haba, jua likizama saa nne na kuchomoza kabla ya saa kumi alfajiri.

Mchana, jua hupasha joto vilele vya mawingu. Hewa ya juu ikishapata joto, ile ya chini yenye unyevu hupanda kwa shida. Usiku mambo hugeuka. Vilele huendelea kutoa joto kuelekea anga za juu pasipo jua la kulirudisha, vikapoa, ilhali bahari chini ingali na joto. Tofauti hiyo huiinua hewa kwa nguvu, na mvua za radi hushamiri. Hata hewa isiyo na mawingu kandokando hupoa na kukaribia kujaa unyevu, hivyo mawingu mapya hayakauki upesi.

Uigaji wa kompyuta wa kimbunga Edouard, kilichovuma Atlantiki mwaka 2014, ulionyesha kuwa usiku ulipoondolewa, kimbunga kilipata shida kuumbika. Kikishakomaa, athari huonekana zaidi katika upana wake.

Katika pwani ya Afrika Mashariki vimbunga ni adimu, kwani karibu na ikweta msukumo wa mzunguko wa dunia ni hafifu. Lakini Mei 2024 Hidaya kilifika Kisiwa cha Mafia, na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasitishwa. Anayetazama picha ya satelaiti ya mchana peke yake aweza kudhani dhoruba changa inakufa, kumbe inangoja giza. Na wavuvi wa dagaa, wanaotegemea taa, huingia baharini saa hizo hizo.